Chenji ya Maji ya Chumvi

Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi kiasi kwamba ukifua shati Jumamosi ukalianika, Jumapili unalikuta kambani limekauka mikono mbele, kama askari anayesubiri amri. Nikizidisha, nazidisha kidogo. Hiyo ilikuwa Temeke ya nyuma, kule ambako mabomba ya mji yaliishia njiani kama ahadi ya mchumba, katika miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua genge barazani, ruksa kujenga choo katikati ya njia ya watu. Kitu pekee ambacho hakikupata ruksa ya kuingia mtaani kwetu kilikuwa maji.

Basi wafadhili wakaja. Wakachimba kisima kirefu, wakafunga pampu ya umeme, wakapandisha tangi juu ya mnara wa chuma, wakapiga picha na watoto, wakaondoka. Kabla ya kuondoka walituachia katiba. Ilisema kisima si cha serikali wala si cha mtu mmoja, ni cha wanachama. Wanachama wapange bei ya ndoo, walipe umeme, walipe fundi, na kitakachobaki mwisho wa mwaka kirudi kwa wanachama wenyewe, kila mtu kwa kadiri alivyochota. Maneno mazuri, unaweza kuyasomea dua. Ila walisahau kusema mwanachama ni nani, na swali hilo wenye nyumba walilijibu kikao cha kwanza, chai haijapoa: mwanachama ni mwenye nyumba.

Mie nilikuwa mpangaji. Tena nikisema mpangaji najipandisha cheo. Nilikuwa mpangaji wa mpangaji, nalala nyuma ya pazia katika chumba cha mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Mchana nilibeba mafaili katika ofisi moja mjini, jioni nilisoma kwenye madarasa ya jioni, kidato cha nne pamoja na utunzaji wa hesabu. Nyumbani waliniita Popo, eti naona gizani tu, mchana nagonga ukuta.

Mama mdogo aliuza supu ya utumbo. Kwa wale waliozaliwa na firiji, naeleza: utumbo haushuki kutoka machinjioni ukiwa mweupe kama shuka ya harusi. Unakuja na habari zote za safari ya ng'ombe, kila jani alilokula tangu Dodoma. Unaoshwa, unakwanguliwa, unaoshwa, unachemshwa, yale maji yanamwagwa, unaoshwa tena. Kwa bakuli moja la supu ziliondoka ndoo mbili za maji, na nikisema tatu msinibishie, mie ndiye niliyezibeba. Na supu hiyo ilitakiwa iwe inatoa moshi alfajiri, wakati vibarua wa viwandani wanapita kwenda kazini. Wakishapita, wamepita. Supu ya utumbo saa nne asubuhi ni adhabu tu.

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Sheria ya kisima ilisema alfajiri wanachama kwanza, wapangaji baadaye. Mama mdogo anasimama pale na karai la utumbo kichwani, nzi wanamzunguka kama waandishi wa habari, huku bibi wa mwenye nyumba fulani anajaza ndoo za kumwagilia maua. Vibarua wanapita wanamwitia, "Mama Supu, leo vipi?" naye anajibu, "Leo wanakunywa maua, baba zangu. Nyie ngojeni kesho." Alichotaka duniani, baada ya pepo, ni kuwa mwanachama. Asimame mstari wa kwanza, aoshe utumbo wake, basi.

Miaka ya mwanzo ziada ya kisima ilirudishwa kwa njia ya pilau. Kamati ilichinja mbuzi, ikakodi viti, ikaalika mgeni rasmi, na mgeni rasmi akaalika wageni wake rasmi. Tukaambiwa kwa kipaza sauti kwamba maji ni uhai, jambo ambalo mama mdogo alishalisikia kutoka kwa mgongo wake. Wanachama wakala mezani na wageni wakafungiwa ya kupeleka nyumbani. Sie wapangaji tukaitwa mwisho, kwenye masufuria, tukakwangua ukoko. Tukashukuru sana. Mama mdogo hata alisifu kwamba ukoko ule una iliki.

Halafu wilayani akaletwa afisa ushirika mpya, kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akasema pilau si marejesho. Mwaka huu pesa irudi mkononi kwa mwanachama, kwa kadiri ya maji aliyochota, kama katiba inavyosema. Habari ikafika uani kwetu, na kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, nikaitwa kufafanua. Nikasimama juu ya kinu.

"Ziada si faida," nikasema. "Umekwenda dukani, umetoa noti, mwenye duka hana chenji, kakwambia pitia jioni. Ile chenji ni ya nani?"

"Yangu," akasema mama mdogo.

"Basi kila ndoo mnayonunua mnalipa zaidi kidogo ya gharama yake. Kile kidogo ni chenji yenu, imekaa kisimani. Mwisho wa mwaka ndiyo jioni."

Akaacha kukwangua utumbo. "Kwa hiyo lile pilau lilikuwa langu?"

"Lako, mama mdogo."

"Na nikashukuru?"

"Ukashukuru."

"Ukoko?"

Kuna maswali hata madarasa ya jioni hayafundishi.

Sasa nieleze habari ya kadi, maana bila kadi hakuna kisa. Kila nyumba yenye mwanachama ilikuwa na kadi moja ngumu ya rangi ya maziwa. Ukienda nayo kisimani ndoo unauziwa bei ya mwanachama, ingawa mstarini unabaki mpangaji. Ukienda mikono mitupu unauziwa bei ya mpita njia, karibu mara mbili. Kwa kila ndoo mwuza maji alitoboa kitundu kwenye kadi. Kadi ya nyumba yetu ilitundikwa kwenye msumari ukumbini, na wapangaji wote wa vyumba vile tuliitumia, kila mtu analipa ndoo zake kwa pesa yake. Kadi ikijaa matundu tulipewa nyingine, na kufikia mwisho wa mwaka kadi zetu zilikuwa zimechakaa moja baada ya nyingine, zina matundu kama chandarua cha mwaka juzi. Na matundu yale, nusu na zaidi, yalitobolewa na utumbo.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mstaafu wa bandarini, mzee wa koti, anavaa koti hata mwezi wa pili wakati joto linayeyusha lami. Mama mdogo akamwendea kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Supu."

"Baba, nimekuja kwa ile ziada. Maji mengi ya kadi nachota mie. Nilikuwa naomba sehemu yangu, nilipe kiingilio na hisa, na mie niombe uanachama."

Mzee akacheka mpaka koti likacheka. "Kadi ya nani?"

"Yako, baba."

"Nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi mwenye ng'ombe ndiye mwenye maziwa."

"Na anayemlisha, baba?"

"Anayemlisha," akasema mzee, "anapewa samadi."

Mkutano mkuu ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Wenye nyumba, watu wazima wenye vitambi, walikuwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti mdomoni. Sie wapangaji tulisimama nje tukichungulia dirishani. Mwuza maji akasimama akatangaza kwamba nyumba iliyochota kuliko zote mtaani ni ya mzee wa koti. Darasa likaguna.

"Mzee, kwako mnaogesha treni?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Sie ni watu wasafi," akajibu mzee.

"Sio wewe uliyesema majuzi, kwenye mchango wa gari la kunyonya vyoo, kwamba nyumba yako ina watu wanne tu?"

"Wanne, ndiyo," akasema mzee bila kupepesa. "Lakini wasafi."

Darasa likavunjika mbavu. Mama mdogo akaingiza kichwa dirishani. "Ndugu afisa, samahani. Aliyechota maji yale ni mie."

Afisa akafunua katiba, akalamba kidole, akafunua tena. "Mama, wewe ni mwanachama?"

"Mie ni mchotaji."

"Basi wewe ni mteja wa mwanachama. Marejesho anapewa mwanachama."

"Na mwanachama akipewa, anamrudishia mchotaji?"

"Hilo," akasema afisa, na akafunga katiba taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, "ni la kifamilia."

Mzee akapokea. Siku ya pili alinunua redio kaseti yenye taa zinazopepesa, akaifungulia barazani kwa sauti ya kutosha hata waliolazwa hospitalini. Wapangaji hakutusahau. Alituletea kilo moja ya sukari, nyumba nzima. "Mgawane," akasema. "Ushirika ni kugawana."

Mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akapiga na goti. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Mie nilimjua. Mama mdogo akitukana, keti, hakuna jambo. Akishukuru kwa maneno machache, tafuta pa kujificha.

Asubuhi yake alipita ukumbini, akaipita kadi kwenye msumari kama hamjui. Akaenda nyumba ya pili, kwa mjane mmoja aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, hana mpangaji hata mmoja kwa sababu hakuna aliyevumilia maneno yake. Nilimfuata na ndoo.

"Shoga," akasema mama mdogo, "kadi yako ina matundu mangapi?"

"Matundu gani, na mie naishi na paka?" akajibu mjane. "Kadi yangu bado mwari, haijatolewa nje."

"Nipe mie niitoe."

"Kwa mahari gani?"

"Ziada ya mwisho wa mwaka, nusu kwa nusu."

Mjane akamtazama, akalitazama karai la utumbo, akaziba pua kwa upande wa kanga, na mkono mwingine ukatoa kadi. Waswahili husema penye nia pana njia. Kwa mjane palikuwa na harufu pia, lakini njia ilipatikana.

Haikupita wiki mzee akaona kadi yake imenenepa tena, matundu hayaongezeki. Akamsubiri mlangoni.

"Mama Supu, umeacha biashara?"

"La, baba. Nimebadili bandari tu."

Neno lile lilimwingia mahali pake, maana kazi yake yote alikuwa akitazama meli zikienda Mombasa badala ya kwetu. Akapandisha sauti: "Nyumba hii ni yangu! Utahama!"

"Nikihama, baba, nahama na utumbo wangu," akasema mama mdogo kwa upole.

Mzee akaitazama ile kadi msumarini, akaingia ndani. Jioni alikuja na ahadi ya robo. Mama mdogo akasema yupo kwenye nusu. Mzee akaja na theluthi na taa mpya chumbani. Mama mdogo akasema usiku huwa analala.

Kufika hapo mtaa mzima ulishaerevuka, na nawaambia, soko huria ambalo redio ilituimbia kila siku bila sisi kulielewa, tulilielewa wiki ile. Wenye nyumba wakaanza kugombea wapangaji wanaochota maji mengi. Zamani ukienda kupanga chumba swali la kwanza lilikuwa, "Una watoto wangapi?" na ukisema zaidi ya wawili unaonyeshwa barabara. Sasa ukisema wawili wanasikitika, "Tu?" Dobi aliyefukuzwa nyumba tatu kwa sababu ya kumwaga povu uani akafuatwa na ujumbe wa wazee kama anaposwa. Mfyatua matofali, mtu aliyekuwa haamkiwi, akawa anaitwa mheshimiwa na kupelekewa chai. Nilisikia kwa masikio yangu, na kama sikusikia basi nilihadithiwa na aliyesikia, mwenye nyumba akimsifia mwenzake mpangaji mpya: "Ana mapacha, wote wanaharisha. Alhamdulillahi."

Mzee wa koti hakupata mpangaji wa kumwiba kwa wenzake. Dobi alishachukuliwa, matofali yalishachukuliwa. Ndipo alipopata wazo lake mwenyewe, na hadi leo nikilikumbuka naomba radhi kwa kicheko. Akaanza kuchota yeye. Kila asubuhi baada ya chai alivua koti, ishara kwamba jambo ni zito, akanunua ndoo kwa ndoo, kila ndoo kitundu, na kwa kuwa hakuwa na kazi na maji yale akayamwaga barabarani mbele ya nyumba. "Nazuia vumbi," alisema. Mkewe akaamriwa kuoga asubuhi, mchana na jioni, mpaka yule bibi akawa na chumvi mwilini kama samaki wa ng'onda. Ulikuwa ukame, vumbi Temeke yote linapaa, ila mbele ya nyumba yetu palikuwa na tope la kuzama hadi magoti. Vyura walihamia. Bata wa jirani wakaja wakakataa kurudi kwao. Nasema lilikuwa karibu kuwa ziwa, na anayebisha hakupita pale na viatu vyeupe.

Nikamwonea huruma, nikamsogelea. "Shikamoo, mzee. Mzee, ile ziada ni chenji tu. Ukinunua ndoo ya kumwaga, unarudishiwa kipande cha pesa yako mwenyewe. Kingine kimekwenda na umeme."

"Nani kakufundisha?"

"Madarasa ya jioni, mzee."

"Nyamaza wee popo," akasema. "Mwaka jana nilipewa pesa bila kuchota hata ndoo. Mwaka huu nachota mwenyewe, si nitapewa mara mbili?"

Hesabu yake ilikuwa nzuri sana. Ilikosa kitu kimoja tu, mtu mwingine wa kulipa.

Mkutano mkuu uliofuata mjane alipokea kitita, hapohapo darasani akahesabu nusu, akampa mama mdogo kupitia dirishani, watu wote wanaona. Mzee wa koti naye alipokea. Alizitazama zile noti kiganjani, akazigeuza, akazitazama upande wa pili, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Halafu akasimama. Kumbe wenye nyumba walikuwa wamekutana kabla, wamechoka kutongoza madobi.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "hawa wapangaji wanatuchezea. Leo kadi yangu, kesho kadi ya mwenzangu, kama wachezaji wa mpira wanaosaini timu mbili. Napendekeza wawe wanachama wenyewe. Kila mtu kadi yake, kila mtu kiingilio chake. Tupumue."

"Umesema kwa uchungu, mzee," akasema mwenyekiti.

"Nimesema kwa uzoefu."

Mikono ikapanda darasa zima. Afisa akaangalia kwenye katiba, akakuta katiba haijawahi kumkataza mpangaji. Iliyokataza ilikuwa chai ya kikao cha kwanza. Mama mdogo akaingia kwa mlango, si kwa dirisha, akalipa kiingilio na hisa kwa zile noti, akapewa kadi. Akambana mwenye dawati lililo mbele asogee, akakaa, magoti mdomoni kama wenzake, uso unang'aa.

Alfajiri iliyofuata aliniamsha kabla ya jogoo. Tulitembea na karai na ndoo kama tunakwenda kupokea tuzo. Mwanachama, mstari wa kwanza. Tukafika kisimani tukakuta dobi yuko mbele, mfyatua matofali yuko mbele, mama wa wale mapacha yuko mbele, na nyuma yao mkia wa watu unazunguka mnara. Wote wana kadi mpya mkononi.

"Wanachama kwanza!" akaita mama mdogo.

Mstari mzima ukageuka. "Ndiyo sisi, dada."

Sitasahau sura yake. Mtu kapigania kiti, kapewa, kumbe ukumbi mzima umepewa viti siku hiyohiyo. Vibarua wakapita, wakamwitia, naye hakuwa hata na maua ya kuyasingizia. Akashusha karai, akaketi kando yake, nikadhani analia. Alikuwa anahesabu mstari. Akainuka, akamwuliza mwuza maji: "Mwanachama anaruhusiwa kukaa eneo la kisima?"

"Mwanachama? Anaruhusiwa. Ni mali yake."

"Nifuatie jiko," akaniambia.

Basi hivyo ndivyo alivyohamia pale, pembeni ya mnara, yeye na jiko na sufuria na benchi la kuazima kwa mjane. Miaka yote maji yalikuwa yanakwenda kwenye supu. Sasa supu ikafuata maji. Zamu yake ya ndoo ikifika anaosha palepale, na wakati wengine wanangoja zamu zao wananusa, na mwenye njaa aliyepanga mstari hana pa kukimbilia. Vibarua nao wakajifunza kupinda kona, harufu iliwaongoza. Hata chumvi ya maji, aliyoilaani miaka yote, akaanza kuisifu: inaokoa chumvi ya dukani.

Mzee wa koti alikataa kuinunua supu ile kwa siku kadhaa, kwa heshima yake. Kisha asubuhi moja, yuko mstarini na ndoo yake, baridi kidogo, koti halitoshi, akatoka mstarini akaja benchini.

"Shikamoo, baba," akasema mama mdogo, akamjazia bakuli hadi ukingoni.

"Marahaba." Akanywa, akajikaza asisifu, akashindwa. Akatoa noti. Mama mdogo akaichukua, akaitia kwenye pindo la kanga, akaendelea kukoroga.

Mzee akangoja. "Mama Supu. Chenji yangu."

"Ziada hiyo, baba. Inarudishwa mwisho wa mwaka."

Mstari ukageuka kusikiliza. Mzee akakunja uso, akahesabu kwa vidole.

"Kwa kadiri nitakavyokunywa?"

"Kwa kadiri utakavyokunywa, baba."

Akasogeza bakuli. "Basi ongeza."